Daftari la Mwethya

Siku hizi ukitaka kuwakutanisha watu wa makabila na madhehebu mbalimbali, unakodi hema, unakodi vipaza sauti, unaita vikundi vya ngoma vyenye sare, halafu mnamsubiri mgeni wa heshima mpaka jua linageuka. Nimehudhuria shughuli nyingi za namna hiyo, Wote na Machakos, na sizichukii. Pilau yake nimeila. Ila umoja nilioushuhudia kwa macho yangu, wa watu ambao kwa kawaida wasingesalimiana, niliuona kwenye mteremko wa mlima pale Nunguni, bila hema, na habari zake ziliandikwa siku baada ya siku kwenye daftari la shule. Aliyeliandika ni mimi.

Ilikuwa 1984. Nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, nikisubiri kuitwa chuo cha ualimu. Akina mama wa utui wetu, yaani kitongoji chetu, walinichagua niwe karani wa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya majirani, kwa sababu mbili: mwandiko wangu ulisomeka, na sikuwa na mke wa kunishawishi niwapendelee jamaa zake. Hiyo sababu ya pili waliisema mbele ya watu, wakacheka.

Asiyeifahamu Nunguni huidhania kuwa sawa na Ukambani anaouona akiwa kwenye basi la Mombasa, jua na vumbi na migunga. Apande kutoka Salama mwezi wa Julai aone. Huko juu kwenye milima ya Kilungu ukungu hauondoki mpaka saa nne, watu wanatembea na makoti, na kahawa inastawi. Upande wa mashariki vijito vinashuka kuingia mto Kaiti, Kaiti unaingia Thwake, na Thwake unaishia Athi. Mashamba yamening'inia. Ukidondosha boga kwako, utaliokota kwa jirani. Na mvua ikija kwa nguvu, udongo nao huenda kwa jirani, kisha mtoni, kisha baharini.

Mtu akisema Nunguni ni ya Wakamba, anasema kweli, lakini asifikiri kwamba Wakamba wa Nunguni walikuwa kitu kimoja. Wamisheni wa Africa Inland Mission waliingia Ukambani mapema. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wao, alifika Nzaui mwaka 1895. Wakatoliki nao wakajijenga Kikoko, mwendo mfupi kutoka kwetu. Tangu hapo mtoto alizaliwa wa AIC, kanisa lililotokana na misheni ile, au Mkatoliki kama anavyozaliwa wa ukoo huu au ule. Shule zilikuwa za huku au za kule. Binti wa AIC akiposwa na Mkatoliki, wazee walikaa vikao mpaka usiku. Kulikuwa na Wasabato pia, wachache lakini wagumu. Na chini ya dini zote hizo walikuwapo wazee wetu ambao hawakuacha mambo ya kale, wakiongozwa na bibi mmoja aliyekuwa mpiga ngoma wa kilumi, ngoma ya kuwatuliza pepo, ambaye akipita njiani baadhi ya waumini walivuka upande wa pili.

Halafu walikuwapo wa kuja. Muuguzi alitoka Meru. Afisa wa kilimo alikuwa kijana Mjaluo wa kutoka Siaya ambaye hakuwahi kuizoea milima yetu. Akipanda alisimama kila baada ya hatua chache, akijifanya anatazama mimea. Duka moja lililindwa na askari Mmaasai aliyepoteza ng'ombe wake upande wa Kajiado. Na duka lililokuwa na kila kitu, kuanzia mafuta ya taa hadi kalamu za risasi, lilikuwa la mama mmoja Mkikuyu wa kutoka Nyeri. Sote tulimwita Mama Duka, na nitaendelea kumwita hivyo.

Mvua ya Machi mwaka ule haikunyesha. Ya msimu uliotangulia ilikuwa haba, kwa hiyo ghala zilikuwa tupu tangu mwanzo. Wakamba huzipa njaa majina, na hii iliitwa Nikw'a Ngwete: nitakufa na pesa mkononi, kwa sababu pesa ilikuwapo na chakula cha kununua hakikuwapo. Wanaume waliokuwa Nairobi na Mombasa walituma fedha kama kawaida. Wake zao walizifunga kwenye kitambaa na kurudi sokoni mikono mitupu. Serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu walisema ni chakula cha mifugo, wakayapanga foleni hivyo hivyo. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa, wa mahindi yale ulichukua kuni nyingi na haukuwa na ladha tuliyoizoea; bado naukumbuka ulimini.

Ni katika njaa hiyo mwethya ulipopata nguvu, jambo ambalo huwashangaza vijana ninapowasimulia. Wanadhani mwenye njaa hukaa kivulini. Mwethya ni kitu cha zamani kuliko kanisa na serikali huku kwetu: majirani kukusanyika kumsaidia mmoja wao kulima au kujenga, naye akawapa uki, ile pombe yetu, jioni. Wakoloni waliuona, wakautumia wapendavyo. Mwaka 1937 mtaalamu wao wa udongo, Colin Maher, aliandika ripoti iliyoonyesha Machakos kama nchi inayokufa, mawe na mchanga mtupu. Mwaka uliofuata walipotaka kupunguza ng'ombe kwa nguvu, watu walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu na kukaa huko mpaka wakasikilizwa. Baadaye yakaja matuta ya kulazimishwa. Mama yangu aliyachimba akiwa msichana na aliyachukia maisha yake yote. Lakini huyo huyo mama yangu mwaka 1984 alikuwa mstari wa mbele na jembe. Nilipomuuliza tofauti ni nini alinijibu, "Hili ni langu, na zamu yangu inajulikana."

Zamu ndiyo iliyokuwa siri ya jambo lote. Kila nyumba ilitoa jembe moja. Tulianzia shamba la juu kabisa, kwa sababu maji huanzia huko, tukashuka shamba kwa shamba bila kuruka hata moja. Ukikosa, unaandikwa deni. Deni hulipwa kwa kazi siku nyingine au kwa faini ndogo. Mgonjwa alisamehewa, mjamzito alikaa jikoni. Mke wa chifu alikuwa na mstari wake kwenye daftari sawa na mjane asiye na mbuzi, na alipodaiwa nilimsoma jina kama nilivyowasoma wengine. Mara ya kwanza sauti yangu ilitetemeka. Yeye alilipa, yakaisha.

Kabla ya kufika kwenye kuchimba, hata hivyo, kulikuwa na vita vya siku. Jumamosi haikufaa kwa sababu ya Wasabato. Jumapili hata usiulize. Siku ya soko kila mtu yuko sokoni. Siku moja akina mama wa AIC walikuwa na ushirika wao, nyingine Wakatoliki walikuwa na jumuiya. Zikabaki asubuhi mbili katika wiki, nasi tukazishika. Naamini kikao kile cha kupanga siku kilifanya kazi kubwa kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu upendo, maana kila kundi lililazimika kusema mbele ya wenzake ni kitu gani haliwezi kukiacha, na wenzake wakakizunguka.

Likafuata suala la sala. Mzee wa kanisa wa AIC alikuwa na sala ndefu. Akiomba, jua lilipanda. Wakatoliki walitaka kuanza kwa ishara ya msalaba. Ikakubaliwa wapokezane, na kila mmoja awe mfupi. Suala la pombe lilikuwa gumu zaidi, kwani wazee wa kale walisema mwethya bila uki ni kazi ya jela, na waliookoka walisema hawataweka jembe mahali penye chungu cha pombe. Njaa ilituamulia: hapakuwa na miwa wala asali ya kutengenezea uki. Tukanywa uji, na hata neema iliporudi uji ulibaki.

Na ngoma. Mstari mrefu wa watu wanaochimba huhitaji wimbo, la sivyo kila mtu anakwenda kwa kasi yake na mtaro unakuwa na meno. Yule bibi wa kilumi alikuwa na sauti ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, lakini mzee wa kanisa alisema wazi kwamba ngoma ya pepo haitapigwa pale. Bibi hakubishana. Siku iliyofuata alikuja bila ngoma, akaketi juu ya jiwe, akalifudikiza karai la mchanga na kuanza kuligonga kwa kijiti. Mzee akasimamisha kazi. "Susu," akamwambia, kama tunavyowaita bibi zetu, "tulikubaliana nini?" Bibi akamtazama kwa upole. "Mwanangu, hili ni karai." Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Mzee naye alicheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Tangu siku ile karai lilikuwa chombo chetu cha muziki, na nyimbo alizoziongoza bibi hazikumtaja pepo yeyote; ziliwataja wavivu.

Afisa wa kilimo ndiye aliyetufundisha kuweka mstari wa tuta kwa kamba na levo, watu wawili wameshika fito mbili na wa tatu anachungulia kiputo. Mtaro ulichimbwa ukifuata usawa huo, na udongo ulitupwa upande wa juu. Hilo ndilo tuta la fanya juu. Mwanzoni linaonekana kama ukingo tu. Baada ya misimu kadhaa udongo unaoshuka hujikusanya nyuma yake na shamba linajilaza lenyewe. Kingo tulizipanda majani ya makarikari na napia, ng'ombe wakapata malisho. Serikali ya Rais Moi nayo ilisukuma jambo hili. Tume ya rais ya kuhifadhi udongo na kupanda miti iliundwa mwaka 1981, na mradi wa maendeleo wa wilaya ya Machakos, uliogharimiwa na nchi za Ulaya kuanzia 1978, ulitoa zana. Yale majembe mapya tuliyapenda. Lakini zana hazikuita watu. Walioitana ni wao.

Sasa Mama Duka. Hakuwa na shamba, alikuwa amepanga chumba cha duka na chumba cha kulala. Siku moja alikuja na jembe jipya lililokuwa bado na karatasi ya kiwandani, akaomba aandikwe. Kukawa na mjadala. Mama mmoja aliuliza, bila ubaya, "Sasa mama, zamu yako ikifika tutachimba nini, kaunta?" Wengine wakasema mgeni asipochimba hakuna atakayemlaumu. Yeye akasema hivi, na maneno hayo niliyaandika pembeni mwa ukurasa: "Nikiugua usiku, nani atanibeba?" Hapakuwa na swali lingine. Aliandikwa. Zamu yake ilipofika mwethya ulimchimbia choo, kirefu, kwenye mwamba ambao sururu mbili zilivunjikia. Muuguzi wa Meru akaandikwa baada yake. Afisa wa kilimo akaandikwa, ingawa hatukujua tumfanyie nini, mwisho tukamwezekea paa la jiko. Askari Mmaasai hakutaka kushika jembe, alisema waziwazi kwamba kwao hawachimbi ardhi. Akajitolea kubeba mawe, na mawe aliyabeba kweli.

Mvua ilirudi mwishoni mwa mwaka ule, na mitaro ikajaa maji yaliyosimama badala ya kukimbia. Wengi tulikwenda kuyatazama kwenye manyunyu, watu wazima tukisimama kando ya mitaro bila la kusema.

Kiangazi cha 1985 tukathubutu kufanya kubwa zaidi: bwawa la mchanga kwenye kijito kinachoshuka Kaiti. Wenzetu wa Utooni, upande wa Kola, walikuwa wakiongozwa na Joshua Mukusya tangu 1978, na habari za mabwawa yao zilitufikia. Unajenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kuvuka kijito kikavu. Mvua ikija, mchanga mzito unatua nyuma ya ukuta, matope mepesi yanapita juu. Mchanga huo unaweza kushika maji kati ya robo na asilimia 40 ya ujazo wake, nayo hayakaushwi na jua wala hayazai mbu kama ya bwawa la wazi. Ukichimba kisima kidogo kiangazi, unateka.

Tatizo ni kwamba kijito kilikuwa mpaka. Ng'ambo moja Wakatoliki ndio wengi, ng'ambo nyingine AIC, na utui hizi mbili zilikuwa na kesi ya zamani ya mpaka wa shamba ambayo hata waliokuwa wakiiendesha hawakukumbuka vizuri ilivyoanza. Ukuta hauwezi kujengwa kutoka upande mmoja. Ilibidi madaftari mawili yaunganishwe, na karani wa ng'ambo ile, msichana aliyesoma Kikoko, akaja tukae juu ya jiwe moja tukilinganisha majina. Mwamba ulipatikana chini sana kuliko tulivyodhani. Saruji ilibebwa vichwani kutoka pale lori liliposhindwa kushuka. Mawe yalipita mkono kwa mkono, na katika mstari huo hukuweza kumchagua jirani yako, ulisimama ulipofikia. Nilimwona mzee wa kanisa akipokea mawe kutoka kwa bibi wa kilumi asubuhi nzima. Hawakuzungumza sana. Alipochoka, bibi alimwambia, "Keti, mwanangu, tutakungoja," na aliketi.

Mwaka huo huo kulifanyika harambee ya zahanati. Sitaki kuonekana kama napinga harambee, kwa maana Kenya nzima imejengwa nayo, na bila hiyo nisingepata shule ya sekondari. Lakini nilikuwapo na daftari langu, niliona tofauti. Pale kulikuwa na meza ya wageni na benchi za wananchi. Kila mchango ulisomwa kwenye kipaza sauti pamoja na jina, na makofi yalilingana na kiasi. Wiki kadhaa kabla, watu wa utawala walipita nyumba kwa nyumba kukusanya kiwango kilichopangwa. Jirani yetu mmoja, asiyekuwa nacho, alichukuliwa kuku. Aliyemchukua simtaji. Jirani huyo siku ya harambee alikaa nyuma kabisa, na jina lake halikusomwa. Kwenye mwethya alikuwa mchimbaji hodari kuliko wote. Miaka mingi baadaye, 2003, sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwakataza maafisa kutumia vyeo vyao kuchangisha. Wengi walishangilia, na nadhani yule jirani angeshangilia pia kama angekuwa hai.

Niliitwa chuo, nikapangiwa kufundisha mbali, daftari nikaliacha kwa mwenzangu. Makueni ikawa wilaya mwaka 1992, na vyama vingi vilipokuja watu walianza kuulizana wewe ni wa upande gani, swali ambalo mwethya haukuwahi kuuliza. Vikundi vingine vilivunjika hapo. Vingine viligeuka kuwa vya kuweka na kukopa, wakachangiana fedha badala ya siku.

Mama Duka aliugua katika miaka hiyo ya tisini. Usiku alibebwa, kwa machela ya fito na blanketi, mpaka palipokuwa na gari. Alipofariki, wanawe walimchukua kumzika Nyeri. Akina mama wa mwethya walichanga, wakakodi matatu, wakasafiri. Niliungana nao Nairobi. Kaburini, kwa desturi ya pale, vijana ndio waliokuwa na mabeleshi. Akina mama wa Kilungu wakawasogeza, wakayachukua wenyewe na kuanza kufukia, kwa mstari, bila kuambiana. Mwanawe mkubwa aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hawa ni nani kwa mama?" Nilimwambia walimchimbia choo. Alidhani natania.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba Machakos ya zamani, pamoja na Makueni yake, iliongeza watu zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 na bado mmomonyoko ukapungua. Kinasifiwa sana vyuoni. Ukikisoma utakuta hekta, mavuno, barabara na soko la Nairobi, na vikundi vya kujisaidia vimetajwa kwa heshima. Hutakuta karai.

Adui aliyekuja baadaye ni lori. Mchanga tulioutega kwa mikono unauzwa Nairobi kujengea maghorofa, na kijito kilichochotwa mchanga hakishiki maji hata ukuta uwe imara namna gani. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na ni sheria nzuri. Vikao vya wananchi alivyovianzisha Kivutha Kibwana alipokuwa gavana, kuanzia vijijini, navyo nilivipenda, ingawa kasoro yake naiona: watu wanakaa, wanasema, wanaandikwa walichosema. Sijaona mahali wanapoandikwa walichofanya.

Daftari langu mchwa walilila kona moja, majina mengine yamekatika nusu. Nimeyanakili yaliyobaki. Mwenye daftari la mwethya nyumbani kwake, Kilungu, Mbooni, Nzaui au Kitui, asiliwashie moto wala asiwape watoto kuchorea. Alipeleke kwa mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu naye, waliandike upya kabla wanaoyafahamu majina hayo hawajaisha. Waliochimba matuta haya hawakuandikwa mahali pengine popote.